Viko vitatu vya mtumba na kimoja cha gunzi: kimoja kinakoroma maji, kingine kinanuka marashi. Naanzia wapi?

Mgeni_wa_Kiko

Wakuu, habari za humu. Nina viko vinne mezani na sitaki kuharibu kitu kwa pupa. Naeleza kimoja kimoja, mwenye ujuzi anisahihishe.

Cha kwanza ni cha brayari (mbao ngumu ya kutengenezea viko), kimenyooka, kina muhuri wa Savinelli, watengenezaji viko wa Italia, shingoni. Kila bakuli likifika nusu kinaanza kukoroma, na maji machungu yananifikia ulimini. Nikichomoa mdomo wake naona tundu pana ajabu, penseli nzima inaingia, halafu mbele linakuwa jembamba kama kawaida.

Cha pili kimepinda. Mdomo umegeuka kijani kilichochanganyika na kahawia na una ladha ya mpira. Shingoni kuna pete ya fedha yenye alama ndogondogo, na kwenye mbao pameandikwa PETERSON na IRISH FREE STATE. Tundu la kutolea moshi haliko mwishoni mwa mdomo, liko juu. Sijui kama mtu alitoboa vibaya.

Cha tatu hakisomeki jina. Ukoko umejaa ndani mpaka kidole hakiingii, na kinanuka vanila na marashi hata kikiwa kitupu.

Cha nne ni cha gunzi la mahindi, kipya kabisa.

Zaidi ya hapo, ulimi unaungua kila ninapovuta, kiko chochote kile. Tumbaku ninayotumia ni ya Virginia iliyotiwa viungo vya harufu. Na je, ni kweli kwamba usipomeza moshi hakuna madhara?

---

Jivu_Jeupe

Karibu mkuu. Hicho cha kwanza si kibovu, kimekosa kitu tu. Tundu hilo pana ni nafasi ya filta ya milimita 9. Savinelli hutengeneza viko vingi vya namna hiyo, na vingine vya milimita 6 vinavyochukua kijiti cha mti wa balsa chenye pembe tatu. Ukivuta bila filta, moshi wa moto hutoka kwenye njia ya milimita 4 hivi na ghafla kuingia kwenye chumba kilicho pana mara mbili. Pale unatanuka, unapoa, na mvuke unageuka maji. Maji hayana pa kwenda, kila pumzi inapita juu yake, ndiyo huo mkoromo.

Tia filta ya mkaa ya milimita 9. Aina nyingi zina ncha moja ya kauri na nyingine ya plastiki: ya kauri ielekee bakuli, maana ndiyo inayohimili joto. Baada ya bakuli moja au mawili itupe. Itakupunguzia ladha kidogo, hilo likubali. Usipopenda, tafuta kijazio, yaani kibomba kidogo kinachokaa mahali pa filta na kuacha njia nyembamba katikati. Balsa nayo hunywa maji bila kuondoa ladha sana, na kwa maoni yangu ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa kiko cha aina hii.

Hata hivyo, usitarajie kiko kikavu kabisa. Tumbaku ikiungua hutoa maji, hata uikaushe vipi. Kwa hiyo kaa na waya za pamba za kusafishia kiko karibu. Ukisikia mkoromo wa kwanza kwenye kiko kisicho na filta ndani, usisubiri wa pili: pitisha waya kutoka mdomoni hadi chini ya bakuli bila kuchomoa chochote, iache sekunde chache inywe maji, toa, endelea. Kiko kilichotobolewa vizuri, kisicho na filta, huipitisha waya moja kwa moja bila kukwama. Hicho ndicho kipimo cha kwanza kabisa unapokagua kiko cha kununua, kabla hujatazama uzuri wa mbao. Tundu la moshi linapaswa kutokeza katikati, chini kabisa ya bakuli. Likitokeza juu, hata milimita 3 tu, tumbaku ya chini haitaungua vizuri kamwe na utabaki na tope kila siku.

Na kamwe usichomoe mdomo kiko kikiwa cha moto. Mbao imetanuka kwa joto na unyevu, shingo ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, ukizungusha inapasuka. Subiri kipoe kabisa, kisha zungusha upande mmoja huku unavuta, mkono mwingine umeshika shingo, siyo bakuli.

Sasa ulimi. Sehemu kubwa ya kuungua huko ni mvuke. Tumbaku mbichi haishiki moto, unavuta kwa nguvu ili isizime, joto linapanda, mvuke wa moto unagonga ulimi mahali pale pale. Virginia ina sukari nyingi, ukiiharakisha inauma. Hiyo ya harufu mara nyingi imetiwa propileni glikoli, ambayo hushikilia unyevu. Unaweza kuianika saa nzima na bado ikawa laini mkononi. Kwa mwezi huu iache kwanza, tafuta tumbaku ya aina ya Burley ya kawaida au Virginia isiyotiwa kitu.

Kabla ya kujaza, tandaza kiasi cha bakuli moja kwenye karatasi. Bana vidole viwili kwa sekunde moja, achia. Ikibaki donge, bado. Ikifumuka polepole yenyewe, iko tayari. Ikivunjika kuwa vumbi, umepitiliza. Muda unategemea hewa ya mahali ulipo, dakika kumi au saa nzima, kwa hiyo usiangalie saa, bana tu.

Jaza mara tatu. Ya kwanza idondoshe mpaka ijae hadi ukingoni, kisha sukuma kwa uzito wa kidole tu mpaka ifike nusu. Ya pili jaza tena hadi juu, sukuma kidogo zaidi ifike robo tatu. Ya tatu irundike ipite ukingo, kisha bonyeza mpaka ibaki milimita 2 au 3 chini ya ukingo. Wavutaji wa zamani husema mkono wa mtoto, wa mama, wa baba. Vuta bila moto: upinzani uwe mdogo sana, zaidi kidogo ya kiko kitupu. Ukihisi kama unanyonya kitu kizito, mwaga uanze upya. Hakuna dawa ya kiko kilichoshindiliwa kupita kiasi, na kukichokonoa kwa sindano kunafungua njia moja tu ya hewa katikati huku pembeni pakibaki pabichi.

Kuwasha ni mara mbili. Njiti ya kiberiti iache salfa iishe kwanza. Zungusha moto juu ya uso wote huku unavuta taratibu; tumbaku itainuka na kujikunja. Bonyeza kidogo kwa kishindilio, ikizima sawa, ndivyo inavyotakiwa. Washa tena. Kuanzia hapo unavuta kama mtu anayeonja chai ya moto, si kama anayekunywa maji. Kipimo chako ni bakuli lenyewe: likiwa la moto kiasi kwamba huwezi kuliegemeza shavuni, weka chini. Kuwasha upya mara tatu au nne si aibu, ni bora kuliko kulifukuza kaa.

Kishindilio kitumie kwa uzito wake tu. Jivu la juu usilimwage mapema, linafunika kaa na kulipunguzia kasi.

Kuhusu madhara: hapana, si kweli. Nikotini inaingia kupitia utando wa kinywa, na wanaovuta kiko bila kumeza moshi bado wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya midomo, kinywa na koo kuliko asiyevuta. Anayevuta anajua anachobeba. Na ukisikia kizunguzungu, jasho baridi na kichefuchefu, hiyo ni nikotini imezidi: weka chini, kaa, kunywa kitu chenye sukari.

---

Kaa_la_Mwisho

Hicho cha tatu rahisi. Jaza chumvi ndani, mimina spiriti, acha usiku kucha. Asubuhi chumvi imekuwa kahawia, harufu imeisha. Na kabla ya kuvuta paka asali ndani ya bakuli ili ukoko mpya ushike haraka.

---

Fundi_Msasa

@Kaa_la_Mwisho chumvi inafanya kazi, lakini ikiingia shingoni ikakauka pale inaweza kupasua mbao, na ladha yake haiishi haraka. Pamba inafanya kazi ile ile bila hatari hiyo. Asali ndiyo kabisa: inakuwa karameli laini, ukoko unaoshika juu yake hubanduka vipandevipande. Spiriti nayo taja ni ipi. Ile ya rangi ya kusafishia au ya jiko ina methanoli na vichungu vilivyotiwa makusudi mtu asiinywe. Haiingii kwenye kitu kitakachowekwa mdomoni. Tumia alkoholi safi ya nafaka ya asilimia 95, au isopropili ya asilimia 90 na kuendelea, kwa sababu yote huruka.

Mgeni, anza na ukoko. Unatakiwa kuwa unene wa milimita 1, usizidi 1.5. Ukiwa mnene hivyo ulivyo, hutanuka kwa joto kuliko mbao na kulipasua bakuli kutoka ndani. Usitumie kisu chenye ncha: kinachimba chini ya tundu la moshi na kuligeuza bakuli kuwa umbo la faneli. Chukua kijiti cha mbao cha duara, kizungushie msasa wa namba 100, zungusha polepole ukigongagonga vumbi nje. Kwa kiko cha mtumba usichokijua, shuka karibu na mbao yenyewe, kwa sababu unahitaji kuona kilichofichwa. Nyufa nyembamba za juu juu za ukutani si tatizo. Doa jeusi lililo laini, ambalo kucha inazama, ni tatizo: mbao imeanza kuungua. Ukigeuza nje na kuona doa jeusi mahali hapo hapo, au rangi imebabuka, kiko kimekwisha, kiweke kama pambo.

Ukishajiridhisha, chomoa mdomo. Shingo isafishe kwa waya zilizolowa alkoholi na vijiti vya pamba vya masikioni, mpaka zitoke nyeupe. Zitakwenda nyingi, usishangae, na lami ngumu zaidi imekaa pale kiungo cha mdomo kinapoishia ndani ya shingo. Hapo hutoka kwa kukwangua na kitu butu.

Kisha sokota pamba iwe kama utambi, isukume shingoni hadi karibu na bakuli. Bakuli lijaze pamba, usiibane, hadi milimita chache chini ya ukingo. Weka kiko kimeegemea ili ukingo na mwisho wa shingo viwe usawa mmoja. Tonesha alkoholi kwa bomba la sindano mpaka pamba ilowe na isifurike; baada ya dakika 20 itakuwa imeshuka, ongeza. Angalia sana tone lisishuke ubavuni, linaondoa rangi na nta papo hapo na kuacha mchirizi. Acha saa 12 hadi 24. Pamba itakuwa kahawia, ya shingoni nyeusi zaidi. Ikiwa bado unasikia vanila, rudia. Harufu za viungo ni ving'ang'anizi, ila ngumu zaidi ni Latakia, tumbaku inayokaushwa kwa moshi wa kuni: ndiyo maana wengi hutenga kiko chake peke yake.

Ukimaliza, acha kikauke siku tatu nne mdomo ukiwa umetolewa.

Sasa mdomo wa kijani. Hiyo ni ebonaiti, mpira uliopikwa na salfa. Mwanga wa jua na unyevu huivuta salfa juu, ndiyo rangi na ndiyo ladha. Klorini usiiguse, inaacha vishimo na kufuta nembo. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye unga wa sodiamu pakaboneti, ule wa kuondolea madoa ya nguo, kwa saa kadhaa. Utatoka umezidi kuwa mbaya, rangi ya matope. Usiogope, uchafu umeinuka juu na sasa unafutika. Sugua kwa kitambaa kikavu kigumu, kisha msasa wa maji namba 600, 1000, 1500, 2000, kila hatua ukifuta alama za iliyotangulia. Mwisho, dawa ya kung'arishia plastiki au dawa ya meno isiyo na punje.

Kuna jambo watu wengi hulikosea hapo. Ukisugua mdomo ukiwa umechomolewa, kingo za pale unapokutana na shingo zinakuwa za mviringo, na ukiurudisha unaona mfereji kati ya mdomo na mbao ambao hauondoki tena. Kwenye kiko cha kawaida, kata kijipete cha plastiki, kiweke kwenye kiungo, rudisha mdomo, sugua ukiwa mahali pake. Kwa Peterson yako yenye pete, mdomo huchomekwa ndani ya pete, kwa hiyo shida hiyo haipo, ila ile sehemu inayoingia ndani usiiguse kwa msasa kabisa, italegea.

Mashimo ya meno: ebonaiti hukumbuka umbo lake. Pitisha juu ya moto wa kiberiti cha gesi haraka haraka, au chovya ncha kwenye maji yaliyochemka, mashimo yatainuka yenyewe. Weka waya ya pamba ndani kwanza, la sivyo njia ya moshi itajifunga. Yaliyobaki yazibe kwa supagluu iliyochanganywa na unga wa mkaa, kaushe, sugua.

Mdomo ukiwa wa akriliki, kama wa Savinelli nyingi za sasa, yote haya sahau. Haugeuki kijani, na alkoholi inaweza kuufanya ufanye nyufa kama za kioo. Maji na sabuni tu.

---

Muhuri_na_Pete

Simama hapo kabla hujashika msasa, mkuu. Hicho cha pili kihudumie taratibu kuliko vyote.

Tundu la juu halijatobolewa vibaya. Ni mdomo wa Peterson wenyewe, kampuni ya viko ya Dublin, Ireland, uliopewa hataza mwaka 1898. Moshi unapanda kwenye kaakaa badala ya kugonga ulimi, na ulimi unapumzika kwenye kibao kilicho chini yake. Waya ya kusafishia ikunje kidogo nchani, itatokea juu. Kama ni ule wa mfumo wao wa mwaka 1890, chungulia shingoni: chini ya njia ya moshi utaona kishimo. Hicho ni kisima cha maji. Baada ya kuvuta unachomoa mdomo, unakung'uta na kupangusa kwa karatasi. Na hiki kinachomoleka hata kikiwa na joto, tofauti na alivyosema Jivu_Jeupe kuhusu vingine, kwa sababu mdomo ni mchongoko unaosukumwa tu na pete inaishika mbao isipasuke.

IRISH FREE STATE ni jina ambalo nchi ya Ireland ililibeba kuanzia 1922 hadi 1937. Kwa hiyo muhuri huo hauwezi kuwa kabla ya 1922. Ungesema REPUBLIC OF IRELAND, tungezungumzia mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuendelea. Sasa isome fedha kwa lensi. Pete iliyopimwa Dublin ina kinubi chenye taji, mwanamke aliyeketi ambaye ni Hibernia, na herufi moja. Herufi hiyo ndiyo mwaka. Linganisha umbo la herufi na umbo la ngao yake kwenye jedwali la Dublin, kwa maana alfabeti hurudiwa na kinachotofautisha duru moja na nyingine ni mwandiko na ngao. Mbao na fedha zikikubaliana, una kiko chenye pete yake ya asili. Zikipingana kwa miaka mingi, kimojawapo kimebadilishwa. Hilo halikizuii kuvutika, ila kwa mkusanyaji ni kitu kingine.

Kwa hiyo: msasa usikaribie maandishi. Herufi zilizofifia ndizo zinazoshusha hadhi ya kiko kuliko ukingo ulioungua au mdomo wa kijani. Ukingo mweusi upanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, au mate, yana vimeng'enya vinavyolainisha lami vizuri tu; usiusawazishe kwa msasa, unabadilisha umbo la bakuli. Dawa ya fedha ikiingia kwenye mbao huacha weupe kwenye herufi, kwa hiyo zungushia utepe wa karatasi kwanza. Na usikifunge kwenye mfuko wa plastiki: salfa ya ebonaiti itaipiga fedha iwe nyeusi. Mfuko wa kitambaa, mbali na jua.

Hicho kisichosomeka, kipeleke kwenye taa inayomulika kutoka ubavuni, siyo juu. Sugua chaki laini juu ya shingo kisha pangusa. Chaki hubaki kwenye mifereji. Tazama pia chini ya shingo, watu husahau. Lakini usitarajie makubwa. Viwanda vya Saint-Claude, mji wa Ufaransa ulioishi kwa brayari tangu karne ya 19, vilitengeneza viko vingi mno vyenye majina ya maduka au bila jina lolote.

Kama unafikiria kukusanya, chagua mstari mmoja uufuate. Umbo moja kutoka kwa watengenezaji mbalimbali linafundisha zaidi kuliko majina makubwa yaliyookotwa hapa na pale. Chukua biliadi, bakuli lililosimama wima na shingo yenye urefu unaokaribia kimo cha bakuli: ukiwa nazo tano pamoja unaanza kuona nani alijua kuchonga, kwa sababu umbo rahisi halifichi kitu. Au fuata viko vilivyopigwa mchanga, ambapo mbao laini imeliwa na pete za ukuaji zimesimama. Dunhill, mtengenezaji viko wa London, aliomba hataza ya kazi hiyo mwaka 1917, na zile nyeusi zake za zamani zenye mifereji mirefu bado ndizo watu wanazipimia nyingine. Nukta nyeupe juu ya mdomo, ambayo ni alama yake, peke yake haitoshi kuthibitisha Dunhill, midomo huhamishwa. Soma mbao, na tarakimu ndogo iliyoinuliwa baada ya neno ENGLAND ndiyo mwanzo wa kutafuta mwaka.

Uzito nao uangalie. Kiko cha kubana kwa meno kiwe gramu 30 hadi 45. Ukipita 55 taya litalalamika, hicho ni cha kushika mkononi.

---

Gunzi_Kavu

Hakuna aliyegusa cha nne, na ndicho ningekivuta leo wakati vingine vinakauka.

Viko vya gunzi vinatoka hasa kiwanda cha Missouri Meerschaum, mji wa Washington, Missouri, Marekani, tangu 1869. Gunzi hunywa maji lenyewe, kwa hiyo mkoromo ni mdogo, na ulimi unaungua kidogo kuliko kwenye brayari mpya. Kujifunza mwendo wa pumzi, hakuna kiko kinachokuvumilia kama hiki.

Chungulia ndani: utaona kijiti cha shingo kimetokeza bakulini. Hicho kitaungua kidogo bakuli nne tano za mwanzo na kutoa ladha ya mbao mbichi. Ni kawaida, usikikate. Mengi pia huja na filta ya karatasi ya milimita 6; ipo hiari yako. Usiligonge kwenye kitu kigumu kumwaga jivu, na ukoko wake usiukwangue, pangusa kwa karatasi iliyosokotwa tu. Alkoholi bakulini hapana, inalegeza gundi na kulainisha gunzi.

Jambo moja sikubaliani na walio wengi: kuzoesha kiko kipya kwa theluthi ya bakuli, kisha nusu, kisha kamili. Theluthi ya bakuli huungulia chini kabisa, mahali ambapo joto halina pa kukimbilia. Jaza kamili, vuta polepole, fika chini. Kinacholinda kuta ni mwendo wako.

---

Jivu_Jeupe

@Gunzi_Kavu kwa gunzi nakuunga mkono. Kwa brayari isiyopakwa kitu ndani bado nabaki na nusu bakuli, kwa sababu ya wanaoanza: wanapofika robo ya mwisho ndipo wanapovuta kwa hasira kulimaliza. Ajifunze kwanza kuacha. Tope la mwisho si lazima liungue, limwage.

Mgeni, kwa brayari, bakuli moja kwa siku kisha kipumzike saa 24 angalau, waya ikiwa imeachwa shingoni usiku wa kwanza. Ukiwa na viko vitatu vinavyofanya kazi unaweza kuvuta kila siku bila kukilowesha kimoja.

---

Mgeni_wa_Kiko

Asanteni sana wakuu. Herufi ya kwenye pete nimeiona, naendelea kuilinganisha. Filta imekomesha mkoromo. Cha tatu nimekwangua, mbao ni nzima, pamba ya pili imetoka karibu nyeupe na marashi yamepungua. Tatizo jipya: baada ya kukauka siku nne mdomo wake wa ebonaiti umelegea, ukikiinamisha unaanguka. Nifunge uzi? Niongeze gundi?

---

Fundi_Msasa

Usifanye chochote kati ya hivyo. Alkoholi imekausha mbao na tundu limepanuka kidogo, hilo tu. Vuta bakuli tatu nne kwanza, ukikishika kwa bakuli. Unyevu ukirudi shingoni mbao huvimba na mara nyingi mdomo unashika wenyewe. Ukiubana leo, baadaye utaukuta umekaza mpaka unahatarisha shingo.

Ukibaki umelegea hata baada ya hapo, tafuta msumari laini au mkia wa kekee ulio mnene kidogo tu kuliko njia ya moshi, tofauti isizidi nusu milimita. Chovya kiungo peke yake kwenye maji yaliyochemka kama nusu dakika, sukuma chuma ndani taratibu kisizidi milimita 10, peleka chini ya maji baridi chuma kikiwa bado ndani. Toa, kausha, jaribu. Rudia kwa hatua ndogo, na usisukume ebonaiti iliyopoa, hupasuka. Ukiona umezidisha na sasa umekaza, chovya tena kwenye maji ya moto bila chuma, utarudi ulivyokuwa. Ukikaza kidogo tu, paka risasi ya penseli laini kwenye kiungo, zungusha mara kadhaa, pangusa weusi.